Kura ya Mama Halo

Hospitalini walimwita Mama Halo kwa sababu ndiye aliyepokea simu zote, na "halo" yake ilimchangamsha hata mwenye homa. Hakuwa akiona tangu utotoni. Madaktari aliwajua kwa vikohozi vyao, wauguzi kwa mlio wa viatu.

Kila uchaguzi, kaka yake, fundi cherehani, ndiye aliyeingia naye kibandani na kumwekea alama. Alimpenda dada yake, hilo halina ubishi. Lakini mwaka huo, akipiga soga na wateja, alijigamba kwamba mgombea wake ana uhakika wa kura mbili kutoka nyumba hii. Mama Halo, aliyekuwa chumba cha pili akikunja nguo, akaduwaa. Kumbe miaka yote yeye hutaja jina hili, kaka huchagua lile!

Hakugomba. Alishika simu, silaha aliyoizoea. Tume ya uchaguzi ikamzungusha, naye akang'ang'ana kama kupe, hadi akahakikishiwa kuwa kituo chake kitapata kadi ya nukta nundu: mtu asiyeona huiweka juu ya karatasi ya kura, akasoma majina na kuchagua kwa vidole vyake.

Siku ilipowadia, moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Kituoni, karani akamgeukia kaka mtu. "Anataka kumchagua nani?"

"Niulize mimi," Mama Halo akasema. "Macho ndiyo sina, mdomo ninao. Na leo nachagua mwenyewe. Naomba ile kadi."

Karani akasema hakuna kadi. Mama Halo akamjibu kwamba ipo, maana jana aliongea na dereva aliyeileta. Foleni ikaanza kunung'unika. Kaka akamnong'oneza waache kuwachosha watu. Mama Halo hakubanduka mezani. Ndipo msimamizi wa kituo alipopekua masanduku na kuitoa, bado imo ndani ya nailoni yake.

Kibandani aliiweka kadi juu ya karatasi. Akasoma jina la kwanza. La pili lilikuwa la yule kipenzi cha kaka, akalipita. Hakuna aliyempumulia sikioni. Alipolifikia alilolitaka, akalisoma tena, kwa utamu tu, kisha akaweka alama. Karatasi aliitumbukiza mwenyewe sandukuni, akaisikia ikitua.

Nje, kaka hakuvumilia. "Umempa nani?"

"Kura ni siri, kaka."

Akanuna njia nzima, ingawa mkono wa dada yake hakuuachia. Karibu na nyumbani akauliza, kwa sauti ya chini, amejua tangu lini.

"Tangu ulipojigamba kwa wateja wako."

Kaka akaomba radhi, akapewa.

Mgombea wa Mama Halo alibwagwa vibaya, lakini wiki nzima simu za hospitali zilipokelewa kwa kicheko. Jioni moja wifi yake, mke wa kaka, akamvuta hadi jikoni, akafunga mlango, akauliza kama kweli mume hawezi kujua mkewe alimchagua nani.

"Hawezi, wifi. Labda umwambie."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha wote wawili wakacheka hadi wakashikana mabega, na fundi cherehani akabisha mlango akiuliza kuna nini.

"Mambo yetu," mkewe akamjibu.