Gundi ya Udaga kwenye Pakiti za Siga

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa msichana ninayekata maboksi kwenye karakana moja pale Nyakato, aliingia mzee wa Buswelu aliyeitwa Lugembe, amekumbatia gazeti kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Akaliweka mezani kwangu na kulifungua polepole. Ndani mlikuwa na siga tatu. Mwanangu, kama hujawahi kuiona siga, ni sigara nene kama kidole gumba, majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa kwa mkono, haina karatasi wala pamba. Moja kati ya zile tatu ilikuwa imepasuka ubavuni na majani yake yamechomoza nje.

Mimi sivuti, na wewe sikushauri uvute. Lakini kazi ya mtu ni kazi ya mtu, na leo nimekuita tuzungumze habari za maboksi, mapafu tuyaache kwa wenyewe.

Mzee Lugembe alinieleza shida yake bila kuzunguka. Majani aliyapata kwa shemeji zake upande wa Kahama, akayalaza ghalani kwake miaka miwili, akiyanyunyizia maji, akiyageuza na kuyanusa mpaka pua yake imwambie yameiva. Ndipo aviringe. Mteja wake alikuwa mmoja tu, hoteli ya wageni huko visiwani, ng'ambo ya ghuba. Wageni walizipenda siga zake, ila wakitoka kwenda kuvua samaki kwa mtumbwi wa mashine walizitia kwenye mfuko wa shati, na hadi jioni zilikuwa zimevunjika. Hoteli ikamwambia atafute kitu cha kuzibebea, la sivyo wataacha kununua.

"Mayu, nitengenezee kinyumba cha karatasi," aliniambia. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na wazee wetu humwita hivyo hata binti mdogo. "Kiwe cha mfukoni, zikae tatu, zisivunjike wala zisikauke."

Mwenye karakana alikuwa Mzee Rwegasira, Mhaya wa Bukoba, mtu wa maneno machache. Wiki ileile alifiwa na kaka yake, akalazimika kwenda kwao kuzika. Kabla hajaondoka aliniachia kazi hiyo. Akaniambia nisikimbilie mkasi, kwanza nizibebe hizo siga mwenyewe nione zinaumia wapi.

Hapo nilimtii, lazima niseme ukweli. Nilivaa shati la kaka yangu siku nne, siga mfukoni, nikapanda baiskeli kutoka Nyakato hadi Buswelu, barabara ya siku zile ikiwa mashimo matupu. Nikagundua kwamba siga haivunjwi na kugongwa. Inavunjwa na kupinda pale mtu anapoinama, na inachubuliwa na jirani yake zinaposuguana. Basi nikachukua karatasi ya manila, ile ngumu, nikaifanya ganda la nje. Ndani nikakunja karatasi ya kaki kama mikunjo ya sketi ya shule, kila siga ikapata kitanda chake. Juu yake nikatandika karatasi niliyoipaka nta ya mshumaa kwa pasi ya mkaa, ili unyevu wa tumbaku usitoroke. Nikaidondosha kutoka mezani. Nikaikalia. Nikaifungua, siga zote tatu nzima. Mwanangu, siku hiyo nilijiona fundi wa mafundi wote wa kanda ya ziwa.

Ikabaki gundi. Gundi ya dukani tuliyokuwa nayo ilinuka dawa, na nilishaambiwa na Mzee Lugembe kwamba tumbaku hunywa harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Nikaikataa, nikijisifu kwa akili zangu. Nikakumbuka tulivyokuwa tukifunika madaftari shuleni kwa kubandika na ugali, nikaenda nyumbani, nikachota unga wa udaga kwenye debe la mama, nikakoroga uji mzito. Udaga unaujua? Ni unga wa muhogo uliovundikwa mpaka ukalainika, ndipo ukaanikwa na kusagwa. Sisi tumekua nao. Uji ule ulishika karatasi vizuri kuliko gundi ya dukani. Nikanusa, sikusikia kitu. Nikawapa wenzangu wawili wa karakana, mmoja wa Magu na mwingine wa Ukerewe, nao wakanusa na kusema safi kabisa. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mla udaga hasikii udaga.

Nilitengeneza pakiti arobaini. Mzee Lugembe alikuja kuzijaza mwenyewe, akimwambia kila aliyepita aje aone. Dereva wa hoteli akazipakia, akaenda kuvuka kwa pantoni pale Kigongo. Siku zile daraja halikuwapo. Gari lilipanga foleni kwenye mvua, nusu siku wakati mwingine, na pakiti zangu zilikaa kwenye unyevunyevu huo huku udaga ukipata nguvu mpya.

Mzee Rwegasira alirudi kutoka Bukoba zikiwa zimeshaondoka. Nilimsimulia habari za mikunjo, za nta na za baiskeli. Habari za gundi sikuzitaja, kwa kuwa hakuuliza, na mimi niliona ni jambo dogo.

Baada ya wiki mbili Mzee Lugembe akaja tena. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mfuko aliokuwa nao ulikuwa umejaa pakiti zangu.

"Wamezirudisha zote," alisema. "Wanasema tumbaku yangu imeoza. Mgeni mmoja aliwasha, akaizima palepale."

"Imeoza vipi, mzee?"

"Sijui. Nimezinusa siga. Nimenusa majani yote ghalani, fungu kwa fungu. Uozo siusikii." Akajigusa pua. "Basi ni hii. Pua yangu imekufa. Na mtu wa tumbaku asiye na pua afanye nini? Naacha. Nimekuja tu nikuambie boksi lako halina kosa, hata moja haikuvunjika. Wabeja, mayu."

Yaani alikuja kunishukuru. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mzee wa watu amekaa mbele yangu akiizika kazi ya maisha yake, na moyoni mwangu nasema, afadhali boksi halina kosa. Mpaka leo nikiikumbuka furaha ile naona aibu.

Mzee Rwegasira alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kukatia. Alikuja akachukua pakiti moja, akaifungua, akaisogeza puani, akaifunga. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi, akaniweka ile pakiti mkononi.

"Umebandika na nini?"

"Uji wa udaga, mzee."

"Nusa."

Nikanusa. "Sisikii kitu."

"Huwezi kusikia. Umeula udaga tangu ulipoachishwa ziwa, na yule mzee vilevile, tena ameuanza kabla yako. Mimi nimelelewa kwa ndizi. Pua yangu inaniambia hapa pana muhogo uliochacha, na siga zimeunywa wote."

Nilijisikia kama nimemwagiwa maji ya ziwa asubuhi. Nikamwambia haraka haraka kwamba nitatengeneza pakiti nyingine, nitatafuta gundi nyingine, kesho ziwe tayari tumpelekee, naye aendelee na kazi yake. Nilipanga kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

"Na yeye utamwambiaje?" akauliza.

"Nitamwambia nimeboresha boksi."

Akavua miwani. Hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja, na siku hiyo pia hakupiga kelele.

"Binti, wewe umekosea udaga. Hilo ni kosa la kazi, hata mimi ningekuwa Msukuma ningekosea. Lakini sasa unataka mtu mzima aende kaburini akiamini pua yake ilikufa, ili wewe usifedheheke. Hilo si la kazi. Chukua baiskeli."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi nilikuwa tayari kuficha maradhi ambayo kifo chake kingekuwa cha mwingine. Nikachukua baiskeli. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Mara niseme kosa ni la mvua, mara nilipeleke kwa wale wenzangu walionusa wakasema safi. Nilipofika Buswelu maneno yote yakaniisha, maana ghala la Mzee Lugembe lilikuwa wazi na majirani walikuwa wakitoka na mafungu ya majani kwapani. Kina mama wa kwetu huweka tumbaku kwenye viota vya kuku ili kuua utitiri, na yeye alikuwa ameanza kuwagawia tangu jana yake, kwa kuwa majani yaliyooza hayamfai tena. Nusu ya ghala ilikuwa imekwenda. Majani ya miaka miwili, mwanangu, yametandikwa chini ya mayai.

Nilipiga kelele nikiwa bado juu ya baiskeli. "Mzee, acha! Hayajaoza!"

Wote wakasimama. Nikashuka, na mbele ya majirani zake, maana haikuwapo nafasi ya kumwita pembeni, nikamweleza habari ya udaga toka mwanzo hadi mwisho. Nililia. Sijui nilitarajia nini. Labda anipige, labda acheke.

Aliuliza swali moja. "Umejua lini?"

"Leo, mzee. Mzee Rwegasira ndiye aliyenusa."

"Na asingekulazimisha, ungekuja?"

Ningeweza kudanganya, na angeniamini. "Nisingekuja," nikasema.

Akaingia ghalani, akarudi na jani moja. Akalikunja, akalifunua, akalileta puani na kufumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Hili liliiva mwezi uliopita," alisema. "Lina utamu kama wa asali nyeusi. Nilijua. Nilijua, nikakataa kujiamini." Akawageukia majirani. "Kina mama, waacheni kuku wenu na utitiri wao kwa leo. Rudisheni majani."

Wachache walirudisha. Mengine yalishafika kwenye viota, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikasirika baadaye, usidhani alikuwa malaika. Wiki tatu hakunisemesha, na salamu yangu aliiitikia huku akitazama ukuta. Haki yake.

Pakiti ya pili niliitengeneza bila gundi ya aina yoyote. Nilikata ulimi upande mmoja na mwanya upande mwingine, karatasi ikajishika yenyewe kwa mikunjo. Ilinichukua siku nyingi, na nilitupa manila nyingi. Safari hii sikunusa mimi. Alinusa Mzee Rwegasira, akanusa mke wake, akanusa dereva wa hoteli, Mluo wa Shirati, na fundi baiskeli wa mbali aliyekuwa hanijui wala simjui. Hoteli ikakubali kujaribu tena, kwa siga chache. Mzee Lugembe ilimchukua miaka miwili kulijaza tena lile ghala, na katika miaka hiyo alilima viazi vya watu huku mgongo ukimuuma. Hilo nililiona kwa macho yangu, na hakuna pakiti niliyotengeneza baadaye iliyolifuta.

Siku hizi mifuko ya plastiki imekatazwa, nanyi vijana mnapata kazi nyingi za karatasi. Nakuona unavyokata, mkono wako ni mzuri kuliko wangu wa wakati ule. Basi sikia. Ukitengeneza kitu cha kubebea mali ya mwenzio, usijipime kwa pua yako wala kwa pua za wale mnaokula nao chungu kimoja. Mtafute mtu aliyelelewa na chakula kingine, tena asiyekuonea haya, umwombe akuambie ukweli. Kuuliza si ujinga. Na siku utakayokosea, maana utakosea tu, usikimbilie kutengeneza pakiti mpya. Kwanza uliza ni nani anayelibeba kosa lako akidhani ni lake. Ukimjua, mwendee siku hiyohiyo, ulichukue kosa lako mbele ya waliomsikia akijilaumu. Ukisubiri usukumwe kama nilivyosukumwa mimi, utachelewa.

Mungu akubariki mwanangu, akupe mkono mwepesi na watu wa kukuambia kweli. Na ukikosea akupe mbio, umfikie mwenzio angali na majani yote ghalani.