Kumjengea Mbwa Ua

Mbwa nilimnunua mimi, kwa hivyo lawama ni zangu, na mama hajaacha kunikumbusha.

Nilimpata mjini Sultan Hamud, kwa fundi wa matairi aliye nyuma ya duka langu la nafaka. Mama alikuwa ameibiwa mara mbili, zote mchana kweupe akiwa soko la Mukuyuni. Kwanza walichukua kuku sita. Kisha wakabeba magunia mawili ya maembe aliyokuwa amechuma akimngoja mnunuzi. Anaishi peke yake juu ya Mukuyuni, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea Mbooni, na mimi niko mbali huku chini kwenye barabara ya Mombasa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikaona nimpelekee fimbo ya karibu, tena yenye meno.

Fundi wa matairi alimsifu sana. Alisema ni mbwa asiyepiga kelele ovyo. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililotuponza, kwa sababu mbwa yule huuma kwanza ndipo abweke.

Sasa, kuna njia inayokatiza uga wa mama. Inaingia kati ya jiko na ghala, inapita mbele ya tangi la maji, inatokea kwenye migomba upande wa pili. Ni njia ya kanisani, ni njia ya kwenda kuteka maji, ni njia ya kwenda kwa kila mtu anayeishi ng'ambo ya pili. Haimo kwenye hati ya shamba. Nilipozaliwa niliikuta, na hakuna aliyewahi kuniambia nani aliianzisha. Watu hupita hapo saa zote bila kubisha hodi, wakimsalimu mama kupitia dirisha la jiko kana kwamba dirisha lenyewe ni lao.

Wiki ya tatu mbwa akamuuma shemasi wa kanisa lao. Ilikuwa Jumapili asubuhi, naye alikuwa amebeba betri ya spika begani, hakuweza kukimbia. Alitafunwa shavu la mguu. Lazima nimpe heshima yake, betri hakuidondosha.

Naibu wa chifu aliita kikao barazani kwa mama, nami nikafunga duka nikapanda huko. Wazee wote waliokuja kusikiliza kesi walikuja kwa njia hiyohiyo. Daktari wa mifugo alikuwa ameshamdunga mbwa chanjo ya kichaa, na kadi yake nilikuwa nayo, lakini hakuna aliyetaka kuiona.

"Mbwa alikuwa kwake," nilisema. "Hakumfuata mtu barabarani."

"Na huyo shemasi alikuwa kwa njia," naibu wa chifu akajibu. "Hii njia ni ya zamani kuliko hiyo mbwa. Ikiuma mtu mwingine, itauawa. Hiyo ndiyo mimi nasema, na sirudii."

Nilipandwa na hasira. Walipokwisha kwenda nikamwambia mama kwamba mbwa akiuawa, yeye atahamia kwangu Sultan Hamud, maana sitalala usingizi nikijua yuko huku peke yake. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia ajitayarishe kwenda jela.

"Kwako nitakaa wapi? Juu ya magunia?"

Hakukosea. Nina vyumba viwili nyuma ya duka, na kimoja kimejaa mahindi na pojo. Malori yanapiga honi usiku kucha. Na kusema kweli, sikutaka aje. Nampenda mama yangu, lakini kila akinitembelea hurekebisha namna ninavyokunja nguo, na siku ya pili huanza kuwarekebisha wateja. Yeye alitaka kuzeekea kwake, nami nilitaka azeekee kwake kwa usalama. Kwa hivyo mambo yote yakawa yamening'inia kwenye jambo moja: ua ambamo mbwa hawezi kutoka na mtu hawezi kuingia.

Nilifunga duka wiki nzima. Siku ya kwanza nilizunguka uga wote nikitazama vitu kama mbwa angevitazama, na nikashangaa kwamba bado alikuwa hai. Upande wa chini kulikuwa na boma la mnyaa alilopanda marehemu baba. Mbwa alikuwa amejisugua humo, utomvu ukamwingia jichoni, jicho likavimba likafunga. Nilimwosha kwa maji mengi, akaning'oa kifungo cha blauzi kama shukrani. Nyuma ya migomba palikuwa na shimo la choo cha zamani, limefunikwa kwa mbao zilizooza ambazo hata kuku angeziogopa. Na kwenye ghala, kimo cha pua ya mbwa, nikakuta chupa ya soda yenye kitu cha rangi ya maziwa.

"Mwaitu, hii ni nini?" nilimwuliza, maana mama yetu hatujawahi kumwita kwa jina lingine.

"Dawa ya kunyunyizia maembe."

"Mbona iko kwa chupa ya soda?"

"Ile chupa yake ilipasuka."

Nyuma ya ghala kulikuwa na kisahani cha omena zilizochanganywa na kitu cha kijani. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza.

"Ni ya panya," mama alisema.

"Na mbwa akila?"

"Si utamwambia asile."

Nilizika sumu, nikafukia shimo, nikakata mnyaa wote huku nimefunga leso usoni. Nilimtengenezea mbwa kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe ili siafu wasimfikie, kikiangalia mbali na upepo, chini ya kivuli cha mwembe. Mama alikuja akakikagua. Alisema baba yangu alipomwoa hakumjengea kitu kizuri kama hicho.

Fundi wa kujenga ua alikuja siku ya pili na nguzo na wavu wa waya. Alifanya kazi safi, siwezi kumsingizia. Alizunguka kutoka lango kubwa la juu, akashuka na mpaka, na alipofika mahali njia inapoingia akaweka nyundo chini.

"Madam, hapa mimi sifungi."

"Kwa nini?"

"Kwangu ni hapo mbele. Mimi pia napita hapa."

"Nimekulipa ufunge."

"Kwingine nitafunga. Hapa utatafuta mtu mwingine."

Akaruka ule mwanya, akaendelea upande wa pili mpaka njia inapotokea, akauruka na huo. Siku ya tatu alienda zake, akaniachia ua wenye matundu mawili makubwa ya kupitisha ng'ombe. Kila mtu aliyepita alinipongeza kwa ua mzuri. Mbwa nilikuwa nimemfunga kwa mnyororo, na kila alipopita mtu, mbwa aliruka mpaka mnyororo ukamkaba, na kila mara moyo wangu uliruka naye. Mama hangeweza kuushika mnyororo ule hata dakika moja. Vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi.

Hapo ndipo mama alipotoa shauri, nami kwa uchovu nikalikubali. Alisema tuite mwethya. Ni kikundi chao cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba matuta kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, na anayetembelewa hupika. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba wanawake ishirini wenye majembe hawashindwi na matundu mawili. Niliamka alfajiri nikapika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na chai ya maziwa ya kutosha.

Walikuja wakiimba. Kazi waliyoifanya sijaona mfano wake. Waliona fundi hakuzika wavu, wakachimba mtaro chini yake ua mzima wakaujaza mawe, mbwa asije akafukua. Waliimarisha nguzo zilizolegea. Waliondoa vigae vya chupa ambavyo mimi sikuviona. Mimi nilikuwa jikoni nikipakua, nikiwasikia wakicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yangu yakashuka.

Alasiri mwenyekiti wao akaniita nije nione. Tundu la kwanza lilikuwa limetengenezwa lango dogo la fito zilizonyooka, limesukwa vizuri, limewekwa kwa upana wa mwanamke aliyebeba mtungi mgongoni. Halikuwa na komeo. Unasukuma kwa goti, linafunguka. Tundu la pili lilikuwa na lango kama hilo, na hapo walikuwa wamechonga ngazi mbili za udongo ili mtu asiteleze wakati wa mvua.

"Na haya?" niliuliza.

"Haya ni ya watu," mwenyekiti alisema.

"Watu gani?"

Aliwageukia wenzake, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Sisi."

Kesi ya ngedere nilikuwa nimempelekea nyani, tena nikampikia. Watu niliowaita waifunge njia ndio waliokuwa wakiipita, wote ishirini, na walikuwa wamekuja kwa kupitia hapohapo. Walikula, wakaomba, wakaimba tena, wakaondoka mmoja mmoja wakisukuma malango yao mapya kwa goti. Mama aliwasindikiza akitabasamu. Ningeweza kulia.

Kesho yake asubuhi nilifunga malango yote mawili mimi mwenyewe. Nilipitisha seng'enge mara nne nikaipigilia misumari mpaka mikono ikachubuka. Mama alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Njia ya watu haifungwi, mwiitu wakwa," alisema. Binti yangu. Huniita hivyo akiwa amenikasirikia, au akiwa na huruma, na siku ile sikuweza kutofautisha.

"Mwaitu, unataka mbwa auawe?"

"Sitaki."

"Unataka kuhamia kwangu?"

Aligeuka akatazama njia.

"Basi uniache nifunge. Huu ua ni wa mbwa sasa. Anayetaka kukuona atazunguka aje kwa lango kubwa, abishe, umfungie mbwa jikoni, umfungulie."

Nilimfundisha kufunga kufuli ya lango kubwa, nikamtilia ufunguo kwenye uzi shingoni.

Wa kwanza kufika kwenye seng'enge alikuwa shemasi, bado akichechemea. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Aliutazama waya, akanitazama mimi, akanisalimu, akaniuliza biashara inaendeleaje, akanibariki. Kisha akashuka kando ya ua kwa nje, akapita kwenye nyasi karibu na mtaro wa maji ya mvua, akapanda upande wa pili. Hakugomba. Hakuna hata mmoja aliyegomba, na hilo liliniudhi kuliko ugomvi. Hakuna aliyezunguka kwenda kubisha lango kubwa pia. Kufikia jioni nyasi za nje zilikuwa zimelala chini mstari mmoja mrefu.

Nilirudi dukani nikijisikia mshindi. Wiki ya kwanza mbwa hakumuuma mtu. Ya pili hakumuuma mtu. Hakuna kuku aliyepotea, na embe hata moja halikuguswa. Kila jioni nilimpigia mama simu, naye alinipa taarifa.

"Amekula. Amelala. Leo amefukuza tumbili."

"Na wewe?"

"Niko."

Zamani mama alikuwa hakati simu. Angeniambia nani amelazwa, mbuzi wa nani amezaa mapacha, posa ya binti wa nani imevunjika na sababu yake, mpaka salio liniishie. Sasa tulikuwa tunamaliza kwa dakika moja. Nilidhani ametulia. Nilifurahia hata salio langu kubaki.

Wiki ya nne nilipata nafasi nikapanda kumwona. Mwenye bodaboda alinishusha chini kwenye mtaro, akasema njia ya watu siku hizi ni hiyo, kwa hivyo nilipanda kwa kufuata ile njia mpya ya nje. Ilikuwa imeshakanyagwa ikawa nyeupe, ngumu, utadhani ilikuwapo tangu zamani.

Mama alikuwa ameketi hapo. Alikuwa nje ya ua, kwenye kigoda, mgongo wake ukiegemea wavu, ungo wa maharagwe mapajani na kitambaa cha kichwa kimevutwa mbele kwa sababu ya jua la saa tano. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Ufunguo ulikuwa shingoni. Ndani ya ua, mbwa alikuwa amelala mbele ya kibanda chake, kivulini, bakuli la maji limejaa hadi ukingoni. Aliinua kichwa akaniona, akakilaza tena.

"Mwaitu, unafanya nini huku nje?"

"Nachagua maharagwe."

"Si ungechagulia ndani? Ndani kuna kivuli."

"Ndani ni kwa mbwa. Ulisema ua ni wake. Nimemwachia."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na kigoda chake, na shemasi na wema wake wote. Kisha nikaona aibu, na aibu ile haikuiondoa hasira, ilikaa juu yake tu. Mwanamke mmoja wa kikundi alipita na mtungi mgongoni. Alisimama bila kuambiwa, mama akammiminia chai, naye mgeni akaanza kumweleza habari ya mjukuu wake aliyejifungua, na mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwenye simu mwezi mzima. Nilisubiri mpaka akaenda zake.

"Umekuwa ukikaa hapa tangu lini?" nilimwuliza.

Mama alipuliza makapi kwenye ungo, akatoa jiwe moja akalitupa.

"Tangu ile siku ulienda," alisema.