Kikombe Kiko Wapi

Watu wazima waliojifunza Kiingereza chumba namba tatu walimwita Mwalimu Kikombe, na wala hakuchukia. Miaka kumi na tisa alifundisha mahali pa vitu kwa kikombe kile kile cha bati: kiko juu ya meza, kiko chini ya kiti, kiko nyuma ya mlango. Mmoja anakiweka, mwenzake anasema kiko wapi, mwalimu anasahihisha. Kazi nyepesi, ukiwa na macho.

Na macho, jamani, yalikuwa yanamuaga. Tangu mwaka jana kila alichokitazama kilikuwa na doa la ukungu katikati, na doa lenyewe linakua. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Mwalimu wa hesabu alipoanza kuwa mzito wa kusikia, mkuu wa shule alimuaga kwa soda moja na makofi. Yeye wa macho angembakiza? Bahati yake, bati hulia. Kikombe kikitua alisikia kimetua wapi, na moyoni alijiona mjanja kweli kweli.

Mchana huo mkuu aliingia bila hodi, akavuta kiti. "Endelea tu, dada. Nimekuja kutazama."

Wanafunzi wawili wa kwanza walikwenda vizuri, kikombe kikalia, akasahihisha. Kisha mkuu akasimama, kama mtu aliyedokezwa jambo.

"Hebu nipe hicho kikombe." Akanyata nacho, akakiweka polepole. Hakikulia. "Haya, hii jibu wewe mwenyewe. Kiko wapi?"

Akageuza uso huku na huku. Doa tupu. Akaiona barua ya kuachishwa kazi kabla haijaandikwa. Ndipo akasikia ukucha ukigonga kioo, mara mbili, taratibu.

"Kiko dirishani," akasema kwa Kiingereza chake safi.

Mkuu akaelekea mlangoni. "Vizuri. Jumatatu nitakuja tena. Utatusomea ukurasa wa kitabu, darasa lifuatishe." Akatoka.

Mwalimu akapapasa kiti, akaketi. "Nani kagonga?"

"Mimi, Mwalimu," akasema fundi cherehani aliyekaa karibu na dirisha.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipoliamkia koti la mwenzetu mlinzi, lililotundikwa pale mlangoni. Ukaliuliza na habari za nyumbani."

"Na mimi nilikuwa nimekaa huku," akasema mlinzi. "Tangu hapo tunakibamiza kikombe makusudi. Ulidhani sote kumi na wawili hatujui kuweka kitu taratibu?"

Ule ujanja wake wote ulikuwa wao. Akakikumbatia kikombe walichomrudishia, akikipapasa waziwazi, mbele yao wote.

"Na kitabu je?" akauliza. "Kitabu mtakigonga wapi?"