Pedi za Chuma na Ng'ombe wa Daa

Nakiri mapema kwamba aibu hii ni yangu peke yangu na sina wa kumsingizia, maana fundi alinionya, nami nikambishia mbele ya wateja wake.

Mimi ni bwana mifugo, nazunguka vijiji vya Karatu kuchanja na kutibu ng'ombe (wananiita daktari, nami sijawahi kuwasahihisha), na pikipiki yangu ni ya zamani sana, breki ya nyuma ilishachoka, nategemea ya mbele. Pedi zake zilipoisha nikaenda kwa fundi Qamara pale mjini, akaniwekea aina mbili mezani: za kawaida, laini, zinazoisha haraka, na za chuma, ngumu, zinazodumu. Akanishauri nichukue laini, kwa sababu diski yangu ni ya enzi hizo, chuma kitaikwangua na kupiga kelele, tena pedi za chuma hazishiki vizuri zikiwa za baridi. Nikamwambia njia zangu ni za vumbi na miteremko, nataka kitu cha kudumu, na mtu aliyesomea dawa hawezi kushindwa kuchagua pedi. (Dawa na breki vinahusiana vipi, sijui mpaka leo.) Akazifunga.

Kelele zilianza siku hiyohiyo, mlio mwembamba kama wa nguruwe anayeburutwa, nikajiambia pedi zitaizoea diski.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo ya kimeta katika kijiji cha Daa. Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na mjane mmoja, Mama Paulina, alibakiwa na jike mmoja tu wa maziwa, kwa hiyo watu walidamka, wakaingiza mifugo kwenye boma la miiba karibu na josho la kuogeshea mifugo, wakaituliza, wakawa wananisubiri mimi tu, nami nikatokea juu ya mteremko na boksi la chanjo na barafu nyuma, kuna ukungu na manyunyu, diski imelowa, nikabana breki nikaona haishiki, nikabana kwa nguvu zote, ndipo ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, na haukukatika mpaka nilipofika kwenye uzio.

Dume la mbele lilishtuka, likageuka, wengine wakalifuata, na miiba haikuwazuia. Walikatiza shamba la maharage la Mzee Gwandu, ambaye ni mzee wa kanisa, kisha wakatawanyika. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye pikipiki, nimeshikilia breki.

Mzee Gwandu akanisogelea, akauliza taratibu, "Daktari, hicho ulichokuja nacho ni kitu gani?"

Nikamwambia ni pedi za chuma. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutazama maharage yake.

Tulikimbizana na ng'ombe mpaka saa tisa alasiri, buti zimejaa tope na barafu inayeyuka, tukachanja waliopatikana. Wa Mama Paulina hakuonekana. Hakunilaumu, alisema tu kwamba ndiye aliyekuwa amebaki.

Kesho yake nikapata habari kwamba Mama Paulina amemkuta ng'ombe wake korongoni, mzima. Nikachukua boksi lenye barafu mpya, pikipiki nikaiacha kule juu barabarani, nikashuka kwa miguu. Mama Paulina alikuwa amemshika ng'ombe kamba, nikamchanja.

"Leo umekuja kimya," akasema, akaniletea maziwa.

Niliporudi mjini, fundi Qamara alifungua gurudumu, tukakuta diski ina mifereji kama shamba lililolimwa. Akapitisha kidole kwenye mifereji hiyo, kisha akaniwekea pedi laini mezani. Siku hizi nafunga pedi laini, nabadilisha mara kwa mara, na fundi akizungumzia pikipiki mimi namsikiliza hadi amalize, kama ninavyotaka wafugaji wanisikilize nikizungumzia kimeta.