Geti Kama la Jirani

Siku ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijashika nyundo. Nilikuwa nimetoka Bukoba, kijana mwenye mikono ya jembe, nikaingia kwenye karakana moja ya kuchomelea huku Temeke, nikaona kipande cha fletibaa kimelala chini. Fletibaa ni ule ukanda bapa wa chuma tunaopindia maua ya mageti na madirisha. Nikakiokota, nikakipinda kidogo, kikawa kama jani. Fundi Mkuu akanipokonya, akakitupa kwenye lundo la vyuma chakavu.

"Wewe Mhaya, hapa hatuchori. Hapa tunachomelea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo ungeanza nayo."

Mafundi wakaangua kicheko. Na mie nikacheka, maana mgeni atafanyaje? Lakini iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Nyie mnaosema ya zamani yasahauliwe, hamkutupiwa jani lenu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja hakuja na wazo, alikuja na jirani. Anakupeleka mpaka mtaa wa nyuma, anakuonyesha geti la mtu: "Nataka kama lile." Unasimama barabarani unapima kwa macho. Mwenye nyumba akitoka, unamwamkia na kumsifia geti lake ili asikufukuze. Mkirudi mnatengeneza kalibu, yaani chuma cha mfano kinachochomelewa mezani, na kila fletibaa inapindwa kwa kukizunguka ili maua yote yatoke sawasawa. Ua moja la Temeke lilifika Tandale, likaenda mpaka Kinondoni, na hakuna aliyejua lilianzia kwa nani. Ukimuuliza mteja, "Mama, hutaki tukubunie la kwako?" anashtuka kama umemtukana. "Makubwa! Watu watanisemaje?"

Hilo "watu watanisemaje" ndilo lililoua ubunifu wetu, msinidanganye kwamba ni umaskini. La kubuni lilihitaji chuma kilekile na rodi zilezile za kuchomelea. Mtu anajenga kwa kujinyima miaka na miaka, halafu mlangoni anaweka wazo la mtu mwingine. Ovyo kabisa!

Nikajiapiza kwamba kabla sijafa nitabuni geti moja. Moja tu. Nilitaka liwe na majani ya mgomba, tena yaliyochanwa na upepo kama yalivyo kwetu, maana jani zima la mgomba utaliona kwenye picha tu. Nikawa najiambia nitalifanya siku nikipata nafasi. Nafasi ipi? Mchana kutwa una kazi za watu, jioni macho yanawaka kwa ule mwanga wa kuchomelea, umelala chali umeyabandika vipande vya viazi ili yapoe. Siku ya nafasi haikuja, na wewe unayeisubiri, pole yako.

Kilichonisaidia ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika mashine zinanyamaza, mafundi wanakaa kwenye drafti na kubishana mpira. Nikafikiri, nyundo inahitaji umeme wa nini? Nikawa naokota mabaki ya fletibaa na vipande vya bati nene, naviweka kwenye fuawe, kile chuma kizito cha kufulia vyuma, navipinda kwa nyundo na kuvichana kwa tindo. Vingi vilitoka vibaya. Vibaya hasa, vya kuchekesha. Kimoja kikitoka kizuri nakitia kwenye gunia. Wenzangu wakanibatiza Bwana Migomba.

"Oya, Bwana Migomba, leo umevuna mikungu mingapi?"

"Njoo uonje," nawajibu, huku moyoni natukana.

Baadaye nilihamia karakana kubwa ya Mbezi Beach, nikahama na gunia langu. Bosi pale alikuwa Meneja, mtu wa shati jeupe, hajawahi kushika rodi. Aliniambia mara nyingi, "Mzee Deo, hilo gunia linatujazia stoo. Mteja ananunua anachokijua." Nilikaa hapo mpaka mvi zikanitoka, na sikuwa nimeunganisha hata jani moja na jingine.

Ndipo akaja Mwalimu Zuhura, mjane aliyestaafu kufundisha, anakaa Ukonga. Akaketi kwenye kigoda changu, akasema, "Fundi, mie mageti siyajui. Nitengenezee unavyoona wewe."

Hapo sasa. Miaka yote nawalalamikia wateja, leo nimeachiwa uwanja, mikono imekufa ganzi! Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Labda twende kwanza tukaone la jirani yako."

Akanitazama kama mwanafunzi aliyemwangusha. "Na wewe, fundi?"

Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonisukuma. Nikalimwaga gunia chini, nikaanza kuunganisha majani kabla sijapata muda wa kuogopa. Upande wa kushoto jani limechanika karibu na ncha, limeinama. Upande wa kulia limechanika katikati, limesimama kama linabisha. Pande mbili za geti moja, na hazikufanana. Tulipolisimika Ukonga, majirani wakatoka kutazama.

"Jamani, Mwalimu kaharibiwa geti! Pande hazifanani!"

"Hata masikio yangu hayafanani," akawajibu, "na umbea wenu nausikia vizuri tu."

Nikasimama ng'ambo ya barabara nikalitazama. Nilifurahi, wallahi, mie Mkristo naapa hivyo hivyo. Sijawahi kufurahi vile kazini, kabla wala baada.

Haikuchukua muda mama mmoja akaingia kwa Meneja ameshika simu yenye picha. "Nataka kama la Mwalimu." Mmoja wa majirani walewale walioliponda, huyo. Meneja akaniita.

"Mzee Deo, tengeneza kalibu."

"Hili halina kalibu, Meneja. Kila jani ni la peke yake."

"Basi chagua jani moja, lipe kalibu."

Nikakataa. Akampa fundi mwingine, naye akachukua jani la kushoto, akaligeuza likawa la kulia pia. Mageti yakatoka mfululizo. Mpasuko ni uleule, palepale, nyumba kwa nyumba, kana kwamba upepo wa Dar es Salaam nzima unapimwa kwa futi kamba. Wakayaita dizaini ya Uturuki, maana mtu wetu ukimwambia kitu kimetoka nje anafungua pochi. Nikaaga nikisema macho yananisumbua. Macho yalinisumbua kweli, ila siyo yaliyoniondoa.

Sasa nipo nyumbani Temeke. Geti langu ni bati lililopigiliwa kwenye mbao. Mganga hajigangi, wanasema, nami nilikuwa nikisema nitatengeneza langu nikistaafu. Mnaona? Hata baada ya yote hayo, bado nilikuwa nasubiri nafasi.

Jumapili iliyopita mwanangu Erasto alipita kutoka kanisani. Anajenga, namshukuru Mungu. Akanionyesha simu.

"Baba, geti nimeshapata. Ona. Kama la jirani yangu. Fundi anasema ni dizaini ya Uturuki."

Nikaisogeza simu mpaka puani. Jani la kushoto na jani la kulia yamechanika palepale.

"Hili nimelibuni mie, Erasto."

Akacheka. Siyo kwa ubaya, mtoto ana adabu zake, na mie kazi zangu sikuwahi kumsimulia. Kwetu kujisifu ni aibu. Lakini alicheka.

"Baba bwana! Si ulikuwa unachomelea tu?"

Nilimsikia Fundi Mkuu, marehemu, anasema kwa mdomo wa mwanangu. Yeye akaendelea, amejaa upendo: "Na hapa kwako tuling'oe hili bati, baba. Nikuwekee hilihili."

"Kwangu usiguse," nikamwambia, kwa ukali uliomshtua.

Alipoondoka nikavuta gunia kutoka uvunguni. Yamebaki majani machache, yameota kutu. Macho yamekwisha, mstari siuoni, lakini vidole vinajua bado chuma kinapotaka kupinda. Nikakaa barazani nikaanza kugonga. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee Deo, shikamoo. Unatengeneza nini?"

"Marahaba. Geti."

"Ahaa. Kama la nani?"