Betri ya Deborah

Kwa miaka sita Chola na Deborah walikaa kwenye meza moja karibu na lango la chuo kikuu, Lubumbashi, wakichapa kazi za wanafunzi. Kompyuta zao za mapajani zilikuwa mitumba ya aina moja, zile ambazo betri zake huchomolewa kwa vidole viwili. Ila umeme ulipokatika, ya Chola ilizima baada ya dakika ishirini, na ya Deborah iliendelea hadi jioni. Hapo wanafunzi waliinuka mbele ya Chola, wakahamia upande wa pili wa meza.

“Vieux, pardon,” walimwomba radhi mzee wao. “Kwa Mama Debo kungali mwangaza.”

Chola alicheka nao, huku moyoni akihesabu migongo yao. Wivu haukumtuma atafute betri nzuri. Ulimtuma aombe ya Deborah ife, na huo ndio uchafu wa wivu.

Jumatatu moja Deborah alifika na uso mzito, akamwita Chola kwa heshima ya kaka mkubwa.

“Yaya Chola, uniangarilie hii batri. Jana ilizima mbio-mbio.”

Chola alijua jambo ambalo wachache pale walilijua. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika powercfg /batteryreport, na mashine ikatengeneza ukurasa wa taarifa. Betri ilipotoka kiwandani ilibeba vipimo 47,520 vya chaji. Leo ilibeba 44,100. Nzima kabisa! Chini yake iliandikwa kwamba jana ilianza kazi ikiwa na asilimia thelathini na nane. Basi ilikosa kujazwa tu. Akautazama waya wa chaja: ulikuwa umelegea. Neno moja lingetosha.

“Iko namna gani, yaya?”

Chola alifunga ukurasa. “Imekufa, dada. Utafute ingine.”

“Yesu wangu! Na kazi ya ule mwanafunzi Katongo tunaitoa vendredi!” Deborah alihesabu kwa vidole siku nne hadi Ijumaa.

“Tutafanya namna gani? Mashine haidanganyake.”

Hapo alisema kweli. Mwongo alikuwa yeye.

Deborah alinunua betri nyingine sokoni, na ile ya zamani akamwekea Chola kiganjani. “Ubakie nayo. Pengine itakusaidia hata kidogo.” Chola aliipachika kwenye mashine yake bila aibu.

Jumatano umeme ulikatika. Safari hii ya Deborah ndiyo iliyozima, kwa kuwa waya ule uliolegea haukuijaza betri yake nyingine, na kurasa nne za Katongo zikapotea kabla hazijahifadhiwa. Wanafunzi wengine waliinuka, wakaja kwa Chola. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka.

Lakini Katongo hakuinuka. Deborah alikuwa amechukua kalamu na karatasi, akiandika upya kwa mkono zile kurasa nne, huku akimwuliza, “Kisha ulisema nini? Ukumbuke pole pole, mwanangu, tutafika.”

Chola aliwatazama, na wivu ukamchoma kuliko siku zote. Hata kwa betri iliyozima, mwanamke huyu alikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na hicho hakichomolewi kwa vidole viwili.

Akazima mashine yake, akatoa betri, akaiweka juu ya karatasi za Deborah.

“Hii ni yako. Haikukufa, ni waya ya chaja ndiyo ililegea. Nilisoma, nikakudanganya.”

“Juu ya nini, yaya?”

“Juu ya wivu.”

“Eh, vieux!” Katongo alishika kichwa. “Wewe mukubwa muzima!”

Deborah aliweka kalamu chini. “Miaka sita tuko nakula bukari mu sahani moja,” alisema, akiukumbuka ugali wao.

Hakutamka neno la msamaha, na Chola hakustahili kuliomba upesi. Mama huyo aliipachika betri, akawasha, akamvutia kiti.

“Ikala hapa. Unionyeshe vile banaandikaka mu ile dirisha nyeusi. Muntu hatanisomea tena.”

Chola alitaja herufi moja moja, naye akaziandika. Ukurasa ulipofunguka, Deborah alizisoma namba zote mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanafunzi, na Chola akakaa akazisikiliza mpaka ya mwisho.