Taa za Kumrudisha Mama Kwayani

Mimi nikipata kitu kipya, chakula hakishuki mpaka nimekijaribu. Siku niliyovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua sabuni, nilirudi na balbu tatu za rangi zinazocheza kwa kufuata muziki. Sabuni nilisahau kabisa.

Nilikuwa na sababu. Mama aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kina mama wa kanisa kule Isansa tangu sijazaliwa. Mwaka juzi aliugua, na alipopona masikio yakawa hayasikii tena. Nikamleta kwangu Tunduma. Kusoma midomo yetu alijifunza upesi, lakini kuimba aliacha. Halafu wiki ile akaniambia nimpigie simu mwenyekiti wa kwaya, waje Jumamosi, anataka kuwaaga na kuwarudishia sare yao.

Iliniuma sana. Nikajiambia, kama wimbo hauingii masikioni, basi uingie machoni.

Balbu zile huendeshwa na simu. Simu inasikiliza wimbo kwa maiki yake, taa zinaruka: nyekundu sauti ikipanda, bluu ikishuka. Jumamosi mchana nikashusha mapazia. Simu nikaiweka dirishani, upande wa barabara ya Mbeya, kama tunavyofanya wengi hapa mjini. Ukiiacha upande wa pili inanasa mtandao wa Zambia, intaneti inakatika, na bila intaneti taa zangu ni balbu tu. Nikamkalisha Mama katikati ya sebule, nikamwambia taratibu aisome midomo yangu: "Taa ikiruka, ujue wimbo umepiga hapo."

Kina mama sita wakasimama, mwenyekiti akainua mkono, wakaanza. Taa zikaruka! Mama akakodoa macho, akapiga kofi, akapiga tena. Nilishindwa kutulia, nikawa nazunguka sebule nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kisha nikaona waimbaji wanatazamana. Makofi ya Mama hayakufuata wimbo hata kidogo. Kwenye kiitikio taa zilipoa, na kina mama walipovuta pumzi zikawaka nyekundu tupu. Nje, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka ilikuwa imegoma kusogea, na madereva walikuwa wanapiga honi kwa hasira. Simu iko dirishani pale pale. Mama yangu alikuwa anaimbishwa na malori.

Akaziona nyuso zetu. "Mmeona wenyewe," alisema. "Nawaharibia." Akauvuta mfuko wenye sare.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mmoja wa kwaya, anayevusha mchele kwenda Nakonde kila wiki, akanisogelea. "Mwanangu, kwani lazima ikae dirishani? Ingia kwenye setingi, uifungie mtandao wa kwetu. Usiiache ichague yenyewe."

Miaka yote naishi mpakani, hilo sikuwahi kulifikiria! Nikaifunga, nikampa mwenyekiti aishike karibu na kinywa. Nikamgeukia Mama: "Yale yalikuwa malori, Mama. Siyo wewe." Alicheka mpaka akafuta machozi, akauweka mfuko chini.

Wakaanza upya. Safari hii taa na wimbo vilikwenda pamoja. Mama alitazama ubeti mzima bila kupepesa, kidole kikigonga goti. Kiitikio kilipofika akafungua kinywa. Sauti ilitoka nene, mbali kabisa na pale ilipotakiwa kuwa, lakini kila neno liliangukia mahali pake. Mwenyekiti akashusha sauti yake kumfuata, wenzake nao wakashuka, mpaka kwaya nzima ikawa inaimba chini kule alikokuwa Mama. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Walipomaliza, Mama alimtazama mwenyekiti, mtu ambaye kwa mambo ya sauti hajawahi kumbembeleza yeyote. "Nilikuwa sawa?"

"Sauti hukuipata hata kidogo," mwenyekiti akamjibu, akitamka polepole. "Ila hukuchelewa hata mara moja."

Mama akafikiri. Mimi nilishaanza kusema kwamba nitazipeleka balbu kanisani, nitazifunga mwenyewe, nitapanda hata juu ya paa. Akanizuia kwa mkono.

"Kanisani kuna ngoma," alisema. "Jumapili nisimamisheni mahali ninapouona mkono wa mpigaji."